Udongo wa Zuhura

Wiki iliyopita mafundi wa manispaa walichimba barabara mbele ya nyumba ninayoishi ili wabadilishe mabomba ya maji. Nilipofungua dirisha asubuhi, harufu ya udongo iliingia jikoni kabla hata sijabandika chai. Msidhani ni ile harufu ya mvua ya kwanza ambayo watu wa kwetu huisifu mpaka wakalengwalengwa na machozi. Udongo wa Brussels una harufu yake, ya baridi, chachu kidogo, kama ndani ya mtungi uliofunikwa siku nyingi. Nilisimama pale na kikombe kitupu mkononi, mama mzima mwenye mtoto, na kilichonijia hakikuwa huzuni wala hamu ya nyumbani. Kilikuwa wivu. Wivu ule ule wa msichana wa miaka tisa, unaokaa chini ya koo kama kipande cha muhogo kilichomezwa bila kutafunwa.

Ni jambo ambalo sijawahi kulisimulia vizuri, kwa sababu linaanza na udongo, linapita kwenye mwezi, na wanaonisikiliza hukosa subira kabla sijafika kwa watu. Ninyi naomba mnivumilie.

Nilizaliwa Bujumbura, lakini nililetwa Ulaya nikiwa bado wa kubebwa mgongoni. Tuliishi Anderlecht, hapa hapa Brussels, ghorofa ya nane, katika yale majengo marefu ya serikali ambayo lifti yake ilinuka supu ya kila nyumba. Papa, yaani baba, alifanya usafi katika maofisi ya mtaa wa Schuman na Maman, mama yangu, alihudumia wazee majumbani mwao. Nilikuwa mtoto wa pekee. Nilikuwa na chumba changu, kitanda changu, na nilikuwa na Bibi yangu ndani ya kaseti.

Bibi alikuwa mama yake Maman. Kila mtu aliyekuja kutoka Bujumbura alituletea kaseti yake, na Jumapili mchana Maman aliiweka kwenye redio, tukakaa kimya. Kwanza zilisikika kelele za mtaa wa Buyenzi, jogoo, mtu akigonga chuma, watoto wakigombana. Halafu sauti ya Bibi, nzito, isiyo na haraka, ikiwasalimia watu wazima mmoja mmoja. Mwisho ikanifikia mimi. “Mwamini, mutoto wangu,” ilisema, “siku moja nitakuja kwenu, tutalala kitanda moja, na nitakuambia mambo yote.” Sehemu hiyo niliirudisha nyuma mara nyingi mpaka utepe ukaanza kulia kama paka. Sikujua mambo yote yalikuwa yapi, ila nilijua yalikuwa yangu.

Kisha vita vikaja kule kwetu. Kaseti zilikoma. Maman akawa mtu wa simu, simu, simu, na mlango wa chumba chao ukawa unafungwa mchana. Nilisikia kwamba shangazi Salama, dada yake mdogo Maman, amefariki. Nililijua jambo hilo kama mtoto anavyoujua mji mkuu wa nchi ya mbali, kwamba upo na una jina, basi. Mimi nilisikia jingine, lililokuwa kubwa zaidi kwangu: karatasi zimepatikana, Bibi anakuja.

Uwanja wa ndege nilikwenda na mchoro niliouchora mwenyewe, kitanda kikubwa na watu wawili ndani yake wakicheka. Milango ya kioo ikafunguka, Bibi akatoka. Alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Alivaa koti la mwanamume juu ya kitenge, na upande wake wa kulia alikuwepo msichana, mkubwa kidogo kuliko mimi, amemshika mkono kwa mikono yake miwili. Bibi aliponiona alilia, akanikumbatia. Lakini alinikumbatia kwa mkono mmoja, kwa sababu ule mwingine haukuachiwa.

“Huyu ni Zuhura,” Maman aliniambia garini. “Mutoto ya shangazi yako Salama. Atakaa na sisi.”

“Mpaka lini?” niliuliza.

Maman alinitazama kwenye kioo cha dereva.

Basi Bibi akalala chumbani kwangu, kama alivyoahidi, na akalala kitandani kwangu, kama alivyoahidi. Ila aliyelala naye alikuwa Zuhura. Mimi nilitandikiwa godoro chini. Maman alinieleza kwamba Zuhura akilala peke yake anaota vibaya na kupiga kelele. Nilijaribu kuota vibaya. Usiku wa pili nilipiga kelele nzuri sana, na Papa akaja akasema kwamba kama ni ile sinema ya jioni basi televisheni itafungwa.

Zuhura hakunifanyia ubaya wowote, na hilo ndilo lililoniudhi. Alikuwa mtulivu. Alijua dua za kula, za kutoka, za kuingia. Alisema Swahili ya Bibi, ile ya Buyenzi, bila kukwama, na mimi kila nikifungua mdomo Kifaransa kilitangulia kama mtoto asiye na adabu. Hata jina lake lilikuwa juu yangu. Jioni moja Bibi alimwonyesha nyota moja iliyong’aa kuliko zote upande jua lilikozama, akasema, “Ile ni Zuhura. Ni wewe ule.” Nilitafuta Mwamini angani. Hakukuwa na Mwamini.

Sasa nifike kwenye udongo.

Baridi ilipoanza, mikono na miguu ya Bibi ilipasuka. Ngozi ilifunguka kama ganda la mkate, ikatoa damu. Daktari alimpa dawa ya kupaka, akasema maji yasiguse ngozi ile mpaka ipone, hata kidogo. Maman alitafsiri. Bibi akauliza, “Na udhu?” Daktari hakujua udhu ni nini. Maman akasema watatafuta njia, lakini Bibi alishaipata: mtu asiyeweza kutumia maji anatayamamu, anagusa udongo safi kwa viganja, anapangusa uso na mikono, anaswali. Dini imerahisisha, alisema. Kilichobaki ni udongo tu.

Udongo, ghorofa ya nane! Kule Buyenzi ungeinama mlangoni. Papa alileta mchanga kutoka mahali walipokuwa wakijenga, ukawa na vipande vya sigara. Maman akanunua mfuko wa udongo wa maua dukani. Bibi akaunusa, akarudi nyuma. “Hii wamechanganya na mavi,” alisema. “Mavi ya ng’ombe, tena mugonjwa.” Mimi nilichekelea moyoni, nikapanga kwamba Jumatano, siku tunayotoka shule mchana, nitautafuta mimi na kuuleta mimi.

Jumatano nilipofika nyumbani udongo ulikuwepo. Zuhura, ambaye hakuwa ameanza shule na hakujua neno la Kifaransa zaidi ya *merci*, alikutana kwenye lifti na Madame Lieve wa ghorofa ya chini yetu, bibi wa Kiflamandi aliyekuwa na kishamba chake nyuma ya kituo cha mwisho cha metro, ile treni ya chini ya ardhi. Madame Lieve alikuwa amevaa viatu vya mpira vyenye matope. Zuhura aliyaonyesha yale matope kwa kidole, kisha akaonyesha viganja vyake. Walielewana vipi sijui. Alirudi na mfuko wa plastiki uliojaa udongo mweusi, uliochimbwa chini kabisa, bila jani wala mdudu.

Bibi aliunusa kwa muda mrefu. “Bon,” alisema. “Hii ni udongo ya Mungu.”

Ulitandazwa kwenye sinia na kukaushwa juu ya radiata ya kupashia joto sebuleni, nyumba nzima ikanuka shamba. Zuhura aliuchekecha kwa kichujio cha chai, tukawa tunakunywa chai yenye mchanga na Maman akilalamika. Zuhura alilifunika lile sinia kwa kitambaa cheupe, akalileta wakati wa swala, akalirudisha. Hakuna mwingine aliyeligusa. Tangu siku ile Bibi alimwita mwenye udongo, na mimi nilipolitaja sinia nililiita “uchafu wenu”.

Ningeweza kuuvumilia udongo. Mwezi ndio ulionishinda.

Bibi alikuwa na desturi ya kufunga siku nyeupe, zile siku tatu za katikati ya mwezi ambazo usiku wake ni mwangavu. Si faradhi, ni sunna. Zuhura alifunga naye moja kati ya hizo, ile ya mwezi mpevu. Magharibi ya Novemba hufika mapema. Saa kumi na moja tu kiza kimeshaingia. Wakifuturu kwa tende na uji, wanaswali, halafu wanavaa makoti wanatoka balkoni wao wawili, na sinia. Mlango unafungwa ili joto lisitoke. Mimi nilibaki ndani, pua kwenye kioo.

Mwezi ulipanda nyuma ya maghala yaliyotazamana na jengo letu, mkubwa, rangi ya papai, halafu ukawa mdogo na mweupe kadiri ulivyopaa. Zuhura aliweka viganja juu ya udongo. Bibi aliweka vyake juu ya vile vya Zuhura. Walitazama juu, na midomo yao ikawa inakwenda. Mara nyingine Zuhura alicheka. Mara nyingine alisema kwa muda mrefu, yeye asiyesema na mtu mezani, na Bibi akaitikia kwa kichwa kama anayepokea habari za shambani. Yale ndiyo mambo yote, niliwaza. Yale niliyoahidiwa mimi kwenye kaseti. Anapewa yeye.

“Maman, wanasema nini kule nje?” niliuliza.

“Waache,” alisema Maman, akaniambia nipange meza.

Mwezi uliofuata nilikuwa na mpango. Kama mlango ule unafunguliwa kwa njaa, nami nitakaa na njaa. Sikumwambia mtu. Asubuhi nilimwaga maziwa yangu kwenye sinki, nikaenda shule. Mchana sandwichi yangu nilimpa msichana mmoja aliyekuwa na tabia ya kula vya wenzake, akaniangalia kama mtakatifu. Tulikuwa na somo la kuogelea, na maji yale yenye klorini hayajawahi kunukia vizuri namna ile. Nilifunga mdomo mpaka meno yakauma. Mwalimu aliniuliza kama naumwa. Nilimwambia hapana, ni dini. Akamgeukia haraka mtoto mwingine.

Jua lilipotua nilikula tende yangu pamoja nao. Bibi alinyanyua nyusi.

“Mimi pia nimefunga,” nilisema. “Siku nzima. Hata kwenye piscine.”

Lo, Bibi alifurahi! Aliniita mama, aliniita simba, alinivuta kifuani, na safari hii kwa mikono yote miwili. Niliipata ile harufu yake ya karafuu na dawa ya ngozi. Tulipomaliza kuswali nilivaa koti bila kuulizwa, nikawa wa kwanza kufika balkoni. Mwezi ulikuwa umeshaanza kutokeza. Zuhura akaweka sinia juu ya kiti, akafunua kitambaa. Nikanyoosha mikono.

Bibi aliishika kabla haijafika. “Ngoja,” alisema. “Uliza mwenye udongo.”

Nilimgeukia Zuhura. Sikutaka kumwomba, lakini mwezi ulikuwa unapanda. “Naweza?”

Aliangalia mikono yangu, halafu uso wangu. Alifikiri kweli, kama mtu anayetaka kuwa mwema na hawezi.

“Hapana,” alisema. “Yeye iko na maman yake.”

Hakusema kwa hasira. Alimwambia Bibi, kama anayemkumbusha jambo walilokubaliana. Na Bibi, ambaye nilingoja amkemee, hakumkemea. Alinishika bega tu.

“Maman anaingiaje hapa?” nilipiga kelele. “Nimefunga siku nzima! Nyie wote mna wazimu na uchafu wenu!” Nikaingia ndani, nikaubamiza mlango wa kioo mpaka majirani wa juu wakagonga. Nilikwenda na pakiti nzima ya biskuti za mdalasini ziitwazo spekulosi chini ya meza ya jikoni, nikazila zote nikilia, makombo yakaingia puani. Mpaka leo mdalasini ukizidi kwenye chakula nasikia uchungu wa kuonewa.

Bibi alikuja baadaye kidogo. Kuinama alishindwa, akavuta kiti, nikawa naona miguu yake tu, na soksi za pamba zilizofunika dawa.

“Mwamini,” alisema. “Unajua sababu tunafunga mwezi ikijaa?”

Nilikusanya makombo kwa kidole.

“Muntu naye anajaa. Kile iko ndani yake kinapanda, kama maziwa kwenye moto. Kama ni huzuni, kama ni hasira. Donc tunafunga, ili kisimwagike.” Aliigonga meza kwa kidole. “Leo wewe umemwagika, mama. Si mbaya. Sasa nimeona iko nini ndani.”

“Iko nini?”

“Iko mimi,” alisema Bibi. “Bon. Samedi twende wewe na mimi. Udongo ya Zuhura ni ya Zuhura. Tutatafuta yako.”

Jumamosi tulikwenda kwenye kishamba cha Madame Lieve, bila Zuhura. Nakumbuka nilimpungia mkono tulipokuwa tunatoka, kwa adabu ya mtu aliyeshinda. Tulishuka metro ilipoishia, tukapita kando ya ukuta wa kiwanda, na nyuma yake kulikuwa na vishamba vingi vidogo, kila kimoja na kibanda chake cha mbao, kabichi zilizopigwa na baridi, mapipa ya maji yenye barafu juu. Madame Lieve alitupa kahawa kutoka kwenye chupa. Yeye na Bibi walikaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, wakanifanya mkalimani, na mimi nikatukuka, kwa sababu kazi ile Zuhura asingeiweza.

“Mwambie bibi yako,” alisema Madame Lieve, “mwezi ukikaribia kujaa mimi sichimbi. Maji yote ya mmea yamepanda juu, kwenye majani. Naiacha ardhi itulie. Ukianza kupungua, nguvu inarudi chini kwenye mizizi, hapo ndipo napanda karoti.”

Nilitafsiri. Bibi alinitazama, akamtazama Madame Lieve, akapiga paja.

“Mwambie yeye ni muislamu, bado tu hajaambiwa.”

Hilo nililitafsiri pia. Madame Lieve alisema kwao walikuwa Wakatoliki tangu zamani, lakini ahsante.

Baada ya kahawa Bibi aliniongoza mpaka pembeni, pale ambapo hapakuwa na kitu kilichopandwa. Nilichimba kwa kijiko cha chuma nilichopewa na Madame Lieve. Juu udongo ulikuwa mgumu kwa baridi. Chini ukawa laini, mweusi, na ajabu, wa vuguvugu kidogo. Bibi aliniambia kwamba Adamu alitoka humo, na kwamba ndiyo maana mtu akiuchimba anahisi kama amefungua mlango wa chumba anachokijua. Aliniambia udongo haumkatai mtu. Mfalme anapokelewa, mwizi anapokelewa, aliyezikwa vizuri na aliyezikwa na watu wasiomjua jina.

“Salama alikufa njiani,” alisema, na ile sauti ya kaseti ilikuwa imepungua nusu yake. “Tulikuwa tunakimbia, tumetengana. Waliomuzika ni watu wa kupita tu. Tuliuliza sana. Hakuna aliyetuonyesha pale. Zuhura aliniambia, Bibi, nitamusalimia wapi? Mimi nikamwambia: udongo ni moja, mutoto wangu. Haina kipande kipande. Ukigusa hapa umegusa kule. Na mwezi ikijaa, ile ile inaangalia pale amelala. Donc siku ile tunamusalimia. Tunamupa habari.”

Nilisikia kila neno. Naapa nilisikia. Lakini mtoto mwenye wivu husikia kama mtu aliye chini ya maji. Mimi nilisikia kwamba kuna salamu, zina siku yake na namna yake, na kwamba sasa zamu yangu imefika. Niliweka viganja viwili ndani ya shimo.

“Alors,” alisema Bibi. “Wewe unataka kumusalimia nani?”

Nilifungua mdomo. Nikatafuta. Maman alikuwa kazini, angerudi jioni. Papa alikuwa amelala kwenye kochi na gazeti usoni. Bibi alikuwa mbele yangu, amechuchumaa kwa shida, pua yake nyekundu kwa baridi. Nilimfikiria babu, lakini babu nilimjua kwa picha moja tu, na salamu kwa picha niliziona za kulazimisha. Nilitafuta tena. Mikono ilianza kufa ganzi.

“Sina mtu,” nilisema, na machozi yakanitoka kwa hasira. “Zuhura ana mtu. Mimi sina mtu hata mmoja!”

Bibi aliniangalia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kilichomtikisa mabega, na machozi yakamshuka, akayaacha yashuke. “Alhamdulillah,” alisema. “Alhamdulillah. Ee Mola, hana mutu. Alhamdulillah.”

Niliona ananicheka. Niliona hata katika hili nimenyimwa. Nikakumbuka paka wa Madame Lieve, aliyegongwa na gari kiangazi kilichopita, nikasema basi nitamsalimia yule paka. Bibi alipangusa macho, akasema vizuri, paka naye ni wa udongo. Nikamsalimia paka. Nilimpa habari za shule. Tukarudi nyumbani na udongo wangu ndani ya kopo la mtindi.

Ningependa kuwaambia kwamba wivu uliisha siku ile. Haukuisha. Niliweka kopo langu juu ya radiata kando ya sinia, na kila nilipoyatazama mawili yale niliona la kwangu ni dogo. Majira ya kuchipua Maman alipanda vitunguu ndani yake bila kuniuliza. Mikono ya Bibi ikapona, akarudi kwenye maji, lakini sinia halikuondolewa, na kila mwezi mpevu wale wawili waliendelea kutoka balkoni na mimi niliendelea kujifanya natazama televisheni. Zuhura alianza shule, akajua Kifaransa, akawa mzuri wa hesabu. Tulikua kama ndugu wanavyokua, kwa kugombania bafu. Bibi tulimzika tukiwa wasichana wakubwa. Tulilia pamoja, lakini hata pale kaburini niliangalia nani amesimama karibu zaidi na shimo.

Maman alifariki miaka mitatu iliyopita, Bujumbura, alikokwenda kuangalia nyumba ya Bibi. Ilikuwa ghafla. Mwanangu alikuwa na wiki moja duniani, mimi sikuweza hata kupanda ngazi, sembuse ndege. Walimzika siku ile ile, kama inavyotakiwa. Mimi nilikuwa Brussels, na simu sikioni, nikisikia majembe.

Zuhura alikuja jioni ile na mfuko wa nguo, akakaa wiki nzima. Hakunipa pole nyingi. Alipika, alimbeba mtoto, aliosha vyombo. Siku ya tatu au ya nne nilikuwa nimekaa jikoni, mtoto amelala, naye yuko kwenye sinki amenipa mgongo, akasema bila kugeuka:

“Mwamini, unajua nilikuwa nakuonea wivu sana?”

Nilidhani nimesikia vibaya. “Wewe? Wewe uliyekuwa na Bibi? Na mwezi, na kila kitu?”

“Maman alikuwa anakugombeza kila asubuhi,” alisema. “Soksi. Nywele. Meno hujapiga mswaki, umeyabusu tu. Nilikuwa naamka mapema kwa sababu hiyo. Nilifunga macho, nikajifanya nimelala, nisikie mpaka mwisho. Mimi hakunigombeza hata siku moja. Alisema na mimi polepole. Alikuwa mwema sana kwangu, kama kwa mgeni.”

Bomba lilikuwa wazi, maji yakienda bure.

Hapo ndipo nilipoelewa, mtu mzima wa miaka yangu, kile ambacho Bibi alikicheka huku akilia mbele ya shimo, mikono yangu ikiwa ndani ya udongo na nikilalamika kwamba sina mtu. Alikuwa anahesabu wazima wake, ambao hawahitaji kusalimiwa kwenye udongo. Nilielewa pia kwa nini msichana wa miaka kumi aliangalia mikono yangu, akapima, akakataa. Mimi nilikuwa na kelele za asubuhi, zangu peke yangu, bure, kila siku, na nilizichukia. Yeye alikuwa na jioni moja kwa mwezi, nami nilikuwa nimekuja kuiomba nayo.

Nilitaka kumwambia haya. Badala yake niliinuka, nikaenda mpaka kwenye sinki, nikachukua sufuria aliyokuwa ameshaipanga kwenye kikaushio, nikaiangalia ndani, nikaitia tena kwenye maji.

“Zuhura,” nilisema, na sauti iliyotoka ilikuwa ya Maman, kavu, ya saa moja asubuhi. “Hii umeiosha ama umeibusu? Na hiyo mikono ya blauzi, si nilisema ikunjwe? Mtu mzima hivyo, kila kitu mpaka uambiwe! Anza upya.”

Alisimama, maji yakimchuruzika viwikoni. Kisha akakunja mikono ya blauzi, mmoja halafu wa pili, taratibu, kama mtoto anayetaka aonekane anatii, akaichukua sufuria, akaanza upya.